Mkasi Kabla ya Brashi: Hotuba ya Msanii kwa Vijana



Mwaka jana nilikaa miezi minne bila kuchora. Kanvasi ni ghali, na kila nikiuona ule weupe wake niliogopa kuuharibu. Ndipo nikaanza kukata pakiti za unga, kalenda kuukuu na mabango ya kampeni (hayo hayakosekani kwetu). Sitafuti sura ya mtu wala mti. Napanga vipande tu: chekundu kando ya kijivu, kilichochanika juu ya kilichonyooka. Sipaki gundi hadi kesho yake, kwani nikilala na kuamka ndipo naona kipande kisichofaa.

Henri Matisse wa Ufaransa, baada ya upasuaji wa mwaka 1941, hakuweza kusimama muda mrefu akipaka rangi. Wasaidizi walipaka karatasi rangi, yeye akazikata kwa mkasi, nao wakazipachika kwa pini pale alipoelekeza. “Konokono” ya mwaka 1953, yenye upana wa karibu mita 3, ilitengenezwa hivyo.

Kolaji zangu nyingi huishia jikoni kuwasha moto. Tatu zimezaa picha. Moja iko pale mlangoni. Jumamosi leteni makaratasi yenu. Mikasi ipo.