Kodi ya Miezi Sita
Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika za Kinondoni na Temeke



Niliombwa nizungumze juu ya makazi, nami nikatayarisha karatasi ndefu yenye majedwali. Kisha wiki iliyopita mwinjilisti wa mtaa mmoja huko Mbagala alinipigia simu, na karatasi ile nimeiacha ofisini. Mama mmoja wa kwaya, anayeuza mihogo ya kukaanga kituoni, alikuwa ametolewa vyombo nje. Hakuwa anadaiwa hata shilingi moja. Mkataba wake uliisha, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yeye akawa na ya miezi miwili mkononi. Ikakataliwa. Kitanda, ndoo na majiko vilikaa chini ya mwembe siku mbili, watoto wakalala kwa majirani.

Tufanye hesabu pamoja, maana wengine hapa mna nyumba zenu na mmesahau. Chukueni chumba kimoja cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 300,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, hiyo ni 350,000, na bado hujalipa kirikuu cha kuhamishia vyombo. Katika amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023, kima cha chini cha mfanyakazi wa biashara kiliwekwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa kima hicho alitakiwa atoe mshahara wa zaidi ya miezi miwili siku moja, bila kula.

Wageni wetu kutoka Marekani waliwahi kutueleza kwamba hata katika wilaya za mashambani kwao watu wanalia na gharama za nyumba, na kwamba kaya ikitumia zaidi ya asilimia 30 ya kipato kwa makazi inahesabiwa kuwa imelemewa. Nilikipima kipimo hicho kwa mfano wetu. Shilingi 50,000 katika 150,000 ni theluthi moja. Mfanyakazi wetu wa kima kile alikuwa amevuka mstari kidogo tu! Ukisoma takwimu peke yake utadhani hali si mbaya sana. Kinachomwangusha ni mkupuo, na mkupuo hauonekani katika asilimia.

Tulifikaje hapa? Mji umekua kuliko maandalizi yake. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam kuwa 4,364,541, na ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Zamani ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na masharti ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji. Mapatano, nasema, lakini mmoja ana funguo na mwingine ana watoto.

Hata hivyo nawaomba tusiwafanye wenye nyumba kuwa mashetani. Wengi wao ni washarika wetu, na wengine ni wajane. Ingieni katika nyumba ya Kiswahili pale Tandika au Manzese, ile ya vyumba sita na korido katikati. Mama mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vingine amepangisha. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini hapokei kwa mwezi. Akanijibu kwamba akipokea elfu hamsini hamsini zinaliwa. Akipokea laki tatu ananunua bati au analipa ada ya mtoto. Nilifikiri sana jibu hilo. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyokuwapo tangu miaka ya 1970, ilikufa mwaka 1995. Mikopo ya nyumba imerudi katika benki za kawaida, hasa baada ya sheria ya mwaka 2008, lakini inataka hati ya kiwanja na mshahara wa uhakika, vitu ambavyo mama huyu hana. Basi mpangaji ndiye benki yake. Muuza mihogo anamkopesha mwenye nyumba fedha ya nusu mwaka bila riba, ndipo apewe chumba. Tusipoliona jambo hili, kila tutakalofanya litagonga ukuta.

Wengine husema wahamie pembezoni, huko nafuu. Ni kweli chumba cha Chanika, Chamazi au Madale kina bei ndogo kuliko cha Kinondoni. Lakini kazi haikuhama. Mtu anapanda bodaboda mpaka kituoni, kisha daladala mbili, na jioni vilevile. Anatoka watoto wamelala, anarudi wamelala. Maji ya dumu nayo yana bei yake. Na kuna hili la kodi ya jengo: tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, kwa nyumba ya kawaida shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Ni fedha ndogo, ila nimesuluhisha ugomvi wake korido nzima mpaka saa nne usiku.

Serikali imejaribu. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo kama Bunju na Mbweni kwa upande wa Kinondoni, na Toangoma na Kibada kwa upande wa Temeke ya wakati ule. Ulisaidia, lakini zaidi wenye fedha ya kulipia kiwanja. Magomeni Kota, kaya 644 zilizobomolewa nyumba zao zilipata maghorofa mapya yaliyozinduliwa Machi 2022, baada ya kusubiri miaka kumi hivi. Nawafurahia. Wanaotoka chini ya mwembe hawawezi kusubiri kumi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Chamazi. Wakazi wa Kurasini walipoondolewa kupisha upanuzi wa bandari, baadhi yao, wengi wakiwa wapangaji, walijiunga katika vikundi vya kuweka akiba, wakanunua ekari 30, wakafyatua matofali wenyewe na kujenga chumba baada ya chumba. Haikuwa rahisi na haikuwa haraka. Lakini walianza na akiba za kila siku, zile ambazo sisi tukiziona kwenye kapu la sadaka tunazihesabu mwisho.

Sasa nije nyumbani, na hapa mtaniwia radhi. Sharika zetu kadhaa zina vyumba na fremu za kupangisha. Nimesoma mikataba yake. Usharika mmoja, sitautaja, unadai kodi ya mwaka mzima, na mpangaji wake mmoja ni mwalimu wa Sunday school hapohapo. Tunawezaje kumwendea mwenye nyumba wa Mbagala tukiwa na karatasi hiyo mfukoni? Mzee mmoja aliniambia fedha ya mwaka inasaidia kumaliza jengo la kanisa. Nikamwambia hayo ndiyo maneno ya yule mama wa Tandika, na yeye ana sababu zaidi, kwa kuwa hana kolekti.

Ofisi ya miradi inapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila usharika wenye vyumba vya kuishi uanze kupokea kodi kwa mwezi, au kwa miezi mitatu isiyozidi, kuanzia mikataba inayofuata. Pili, tuanzishe mfuko wa pango utakaokaa ndani ya vikundi vya VICOBA vilivyopo. Mfuko utamlipa mwenye nyumba miezi sita, na mpangaji atarudisha kidogokidogo kila wiki kikundini. Mwenye nyumba apate bati lake, na vyombo visitoke nje.

Kwa wafadhili nasema wazi: tulijaribu mfuko wa namna hii katika usharika mmoja, na haukwenda vizuri mwanzoni. Tuliutoa mezani kwa mchungaji, watu wakaudhani ni msaada wa diakonia, marejesho yakalegea. Ulipohamishiwa kikundini, ambako kila mmoja anamjua mwenzake na jirani ndiye mdhamini, ulisimama. Kwa hiyo hatuombi fedha ya kujenga nyumba za mfano zenye kibao cha jina la mfadhili. Tunaomba fedha ya kuzunguka, na tunaomba mtuvumilie mkiona ripoti ya kwanza ina wadaiwa.

Fomu ziko kwa katibu pale mlangoni. Andikeni idadi ya vyumba vya usharika, kodi ya kila kimoja na inalipwa kwa miezi mingapi. Asiye na chumba aandike hana. Yule mama wa kwaya amepata chumba cha muda kwa mwinjilisti, na mwinjilisti naye ni mpangaji. Mkataba wake unaisha mwezi ujao.