Ufa Nyuma ya Boksi ya Usukani

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa madereva, mafundi wa jua kali na wenye magari, katika uwanja wa karakana ya kaunti



Najua baadhi yenu mnajiuliza afisa wa habari anatafuta nini karakana. Kazi yangu ni kamera na kalamu, si spana. Nimekuja kwa sababu kuna picha niliyoipiga ambayo sitaki kuipiga tena.

Mnalikumbuka lile Land Cruiser la kubeba chanjo: pikapu ya miaka ya 1990, injini ya diseli ya lita 4.2, springi za mabamba mbele na nyuma. Liliporudi kutoka gereji iliyolitengeneza chesisi, chini kote lilikuwa limepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Mimi ndiye niliyelipiga picha na kuwaandikia kwamba limerudi barabarani. Sikuinama kuangalia. Hakuna aliyeinama.

Miezi michache baadaye dereva wake, mzee tunayemheshimu, akaanza kulalamika kwamba usukani unachelewa kuitikia. Unazungusha, gari linafikiri kwanza, ndipo linakata. Tulimwambia ni barabara mbovu. Mwingine akasema mzee amechoka. Asubuhi moja nikiwa naye, tukigeuza katika uwanja wa zahanati, tulisikia "ko!" chini ya miguu yake. Akasimamisha gari, akasema haondoki. Nilikasirika, sitaficha. Chanjo zilikuwa kwenye barafu na akina mama walikuwa wakingoja kituo kinachofuata. Mzee hakubishana nami. Alivuta breki ya mkono, akaweka mawe kwenye magurudumu, akanipa tochi. "Mwanangu, chungulia hapo kando ya gurudumu, mimi nizungushe."

Niliona boksi ikisogea, na chuma cha chesisi nyuma yake kikifunguka na kufunga kama mdomo. Ufa ulianzia kwenye tundu la bolti, ukapanda juu. Palikuwa na mstari wa zamani wa kuchomelea, nao umepasuka, umefunikwa na ile rangi niliyoisifu. Chanjo zilifuatwa na gari jingine. Zilichelewa, lakini zilifika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza mafundi maswali hadi wamenichoka. Wanaeleza hivi. Boksi ya usukani imefungwa kwa bolti kwenye mhimili wa chesisi, upande wa dereva. Ukizungusha usukani, mkono wa boksi unasukuma fimbo inayogeuza magurudumu, na nguvu hiyo hiyo inarudi kwenye boksi na kujaribu kuing'oa pale ilipofungwa. Gari likiwa linatembea, nguvu ni ndogo. Likiwa limesimama, tairi zimezama kwenye matope au zimebanwa na jiwe, nguvu ni kubwa mno. Usukani wa pawa unaficha jambo hili: dereva anazungusha kwa mkono mmoja, hahisi uzito, na chesisi ndiyo inayoumia. Ukivua tairi nyembamba za kiwanda ukaweka zile pana za kupendeza vijana, umeongeza mzigo palepale. Chuma nacho hakikatiki siku moja. Kinachoka, kama waya unaoupinda huku na huku.

Kwa hiyo dereva akisema usukani unacheza, msimwambie ni barabara. Huenda ni tairodi, huenda ni boksi yenyewe, huenda ni bolti zilizolegea. Hatutajua mpaka tuangalie. Osheni sehemu hiyo kwanza, kwa sababu tope huficha ufa. Isugueni kwa brashi ya waya. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye tundu la bolti ni dalili mbaya. Kisha mfanye kama yule mzee: gari limezuiwa lisisogee, injini inawaka ili pawa ifanye kazi, mmoja anazungusha kushoto na kulia, mwingine anaangalia kutoka kando, vidole vikiwa mbali. Boksi haipaswi kusogea juu ya chesisi hata kidogo. Ikisogea, gari hilo haliendi popote, awe ni mkubwa gani anayelisubiri.

Sasa matengenezo. Kupitisha moto juu ya ufa na kupaka rangi si matengenezo. Boksi inatolewa, betri inakatwa, mabomba ya mafuta yanakingwa na moto. Chuma kinasuguliwa hadi king'ae. Kila ncha ya ufa inatobolewa tundu dogo ili usiendelee kukimbia. Kisha ufa unachimbwa kwa grainda, unachomelewa mpaka ndani, unasawazishwa. Baada ya hapo ndipo bamba la kuimarisha linawekwa, chuma cha milimita 5 hivi, kilichokatwa kufuata umbo la mhimili na kuenea mbele na nyuma ya boksi.

Hapa ndipo mafundi wengi wanakosea, na fundi wetu mkuu aliniomba niliseme polepole. Bamba lisiishie kwa ncha iliyonyooka kutoka juu hadi chini ya mhimili, kwa sababu mstari huo wa kuchomelea unakuwa mahali pa kukatikia. Ncha zikatwe kwa mshazari au kwa mviringo. Pia moto usipelekwe kwenye kingo za juu na chini za mhimili, maana huko ndiko chuma kinakobeba kazi nzito.

Kuna na vile vipande vifupi vya bomba. Mhimili una uwazi ndani. Ukikaza bolti inayopita humo, kuta zake zinabonyea, bolti inajifanya imekaza, na baada ya wiki imelegea. Bomba fupi likipitishwa katika kila tundu na kuchomelewa, bolti inakaza juu ya chuma kigumu. Bolti ziwe mpya, za nguvu, zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani kama kiwanda kinavyotaka. Zikazwe kwa spana ya kipimo, zikaguliwe tena baada ya siku chache za kazi. Boksi yenyewe na mkono wake visiguswe na moto kamwe.

Mtaniuliza gharama. Bamba na bolti si vitu ghali; kinachogharimu ni siku ambazo gari halifanyi kazi, na hapo ndipo simu zinapopigwa mafundi waharakishe. Simu nyingine zilitoka ofisini kwetu. Na kama kutu imekula mhimili mpaka nyundo inazama, bamba halitasaidia kitu. Chesisi ibadilishwe au gari listaafu.

Lile Land Cruiser liko hapo nyuma yenu, boksi imetolewa, halijapakwa rangi. Niliomba liachwe hivyo hadi leo. Mzee atakaa kwenye usukani wa lile pikapu jingine tulilolikagua jana, awaonyeshe jinsi ya kupima. Njooni watanowatano, na wenye tochi kwenye simu waziwashe.