Damu ya Mama ni Suala la Haki



Kwa miaka mingi mama mjamzito aliyepewa rufaa ya kwenda Bugando alisubiri kivuko hapa Busisi, hata akiwa mahututi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kungoja huko. Lakini daraja halimfai mama ambaye hatari yake haijajulikana. Nayo mara nyingi hujulikana kwa tone la damu tu.

Kipimo kikionyesha hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita, mjamzito huyo amepungukiwa damu. Huku ziwani malaria, minyoo na kichocho huipunguza kimyakimya. Mtoto aweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Na mama akitokwa na damu nyingi anapojifungua, hana akiba ya kumwokoa.

Basi tuna wajibu wa aina tatu. Mume amsindikize mkewe kliniki mapema, kabla ya wiki 12, na samaki wote wasiishie sokoni huku mjamzito akila ugali mkavu. Viongozi waulize katika mkutano wa kijiji: je, zahanati yetu ina vifaa vya kupimia damu? Nasi wenye afya tuchangie damu, maana haitengenezwi kiwandani.

Yesu alisimama njiani kwa ajili ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, ingawa alikuwa anaharakishwa nyumbani kwa Yairo. Je, sisi tunakimbilia wapi?