Tusome na Watoto Wetu Nyumbani



Mweka hazina ametusomea hesabu za miaka kumi, na vigelegele tumepiga. Mimi nimepewa dakika chache, nizungumzie akiba nyingine isiyokaa sandukuni: watoto wetu kupenda kusoma.

Jamani, tusifichane. Wapo wenzetu ambao wakifika nyumbani humwita mtoto awasomee daftari la hisa. Si aibu. Lakini je, mtoto naye asipojua? Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo ulionyesha kuwa hapa Tanzania, kati ya watoto watano waliomaliza darasa la saba, mmoja hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Miaka saba shuleni! Kesho mtoto huyo atatia kidole gumba kwenye mkataba asioujua.

Tutasema hiyo ni kazi ya mwalimu. Mwalimu ana watoto tele darasani, hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Tena herufi hufundishwa shuleni, lakini mapenzi ya kusoma mtoto huyapata kwa watu anaowapenda.

Wala si jambo geni kwetu. Bibi akisema Paukwa, nyumba nzima ilijibu Pakawa. Tenzi nazo zilisomwa kwa sauti, watu wakisikiliza. Hapa hapa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ukachapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Basi tufanye hivi. Baada ya chakula cha usiku, robo saa tu: taa moja, jamvi moja, kitabu kimoja. Anayejua asome kwa sauti, kidole kikifuata maneno, na wadogo watazame. Mkifika pazuri, nyamaza uulize, "Mnadhani sasa itakuwaje?" Mtoto akikwama usimkaripie, mpe nafasi, kisha msaidie. Mama asiyejua kusoma asikimbilie vyombo. Akae, asikilize, aulize, "Ehe, halafu?" Mtoto akiona anasikilizwa, kesho atakileta kitabu mwenyewe. Na akina baba mliopo hapa, msituachie peke yetu.

Vitabu je? Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza hapa nchini mwaka 1991, na umetusaidia kupata hadithi za Kiswahili za watoto. Ombi langu ni kwamba kabla ya kugawana faida mwaka huu, tutenge kiasi kidogo tununue vitabu. Mwanachama aazime kimoja, kiandikwe daftarini, akirudishe mkutano unaofuata, kama tufanyavyo kwa mikopo. Mkopo huu hauna riba, na ukishaurudisha, ulichosoma kinabaki kwako.

Najua mahitaji ni mengi: sare, madaftari, chakula. Lakini kitabu kimoja kikizunguka kwetu sote, gharama ya kila mmoja inakuwa ndogo sana.

Mama Mwenyekiti, naomba jambo hili liingie katika ajenda za mkutano ujao, tulijadili na tulipigie kura. Sanduku letu limetusomeshea watoto kwa miaka kumi. Sasa na sisi tukae nao tusome.