Kikombe Kilichotengwa: Mazungumzo kwa Wananchi wa Kata kuhusu Wagonjwa wa Saratani



Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo humsifu mgeni aletaye heri nyumbani. Katika habari ifuatayo, mgeni alikuwa mgonjwa mwenyewe, nao waliompokea hawakuwa wakimjua. Ni mama mkazi wa kata hii. Ameridhia habari yake isimuliwe, ila jina lake lisitajwe.

Mama huyo alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Kabla ya hapo alitokwa na damu kwa miezi mingi, pamoja na uchafu wenye harufu. Majirani wakaanza kumkwepa. Katika kikundi chake cha kuweka na kukopa, kikombe chake kilitengwa. Msibani, mkeka aliokalia ulibaki wazi pande zote mbili. Hakuna aliyemtukana, lakini kimya kile, asema, kilimwuma kuliko ugonjwa.

Alipopewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, aliomba kiti cha nyuma kabisa katika basi ili asiwakere abiria. Msichana aliyeketi kando yake alifungua dirisha kidogo, akaendelea na mazungumzo. Kila basi liliposimama alimshika mkono, akamsindikiza maliwatoni, akamsubiri mlangoni. Waliagana kituoni bila hata kuulizana majina.

Tiba ya mionzi haiishi kwa siku moja. Mama huyo alipangiwa mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma matano. Fedha za malazi zilikwisha juma la pili. Mama lishe aliyekuwa akimwuzia uji asubuhi alimwona ameketi na begi lake, akamwuliza analala wapi. Tangu usiku huo walilala chumba kimoja hadi matibabu yalipokamilika. Na damu yake ilipopungua, aliongezewa chupa mbili. Waliozitoa hatawajua kamwe.

Ndugu wananchi, ubaridi aliouona mama huyu hapa nyumbani ulizaliwa na hofu, na hofu hiyo haina msingi. Saratani haiambukizwi. Virusi vya papiloma, ambavyo ndivyo chanzo kikuu cha saratani ya mlango wa kizazi, huenezwa kwa kujamiiana. Havipiti katika kikombe, sahani, mkeka wala choo. Anayemnawisha mgonjwa au kula naye hajiweki katika hatari yoyote ya kupata saratani.

Wananchi wanaombwa mambo manne. Kwanza, mgonjwa atembelewe, na aulizwe anachohitaji kabla ya kupewa ushauri. Pengine anahitaji maji ya kisimani, mtu wa kupalilia shamba lake, au mwenzi wa safari. Pili, wenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema, wachangie damu. Mwanamume aweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Tatu, wasichana wenye umri wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe kupata chanjo ya kuzuia saratani hiyo, ambayo hutolewa bila malipo. Nne, mwanamke anayetokwa na damu isiyo ya kawaida, hasa baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, asione haya kwenda kituo cha afya. Saratani hii ikigundulika mapema hutibika.

Mama huyo amekwisha kurejea nyumbani, naye anaendelea kuhudhuria kliniki. Wiki iliyopita alikwenda kwenye mkutano wa kikundi chake. Alipokewa kwa maneno mazuri na hisa zake ziliandikwa daftarini. Chai ilipoletwa, alipewa kikombe kile kile kilichotengwa.

Msichana wa basini hakuwa na deni kwake, wala yule mama lishe. Wanakikundi wenzake wamezika naye na kuoza watoto pamoja naye kwa miaka mingi. Mkutano wao ujao ni Alhamisi.