Kwa Nini Mwaka Huu Tunachangia Losesiai
Hotuba ya Kamati ya Mazingira katika mkutano wa mwaka wa chama

 

Tangu tutangaze ajenda ya harambee ya mwaka huu, tumeulizwa swali moja kila mahali: watoto wanahitaji basari, zahanati inahitaji dawa, nyinyi mnatuomba pesa za kichaka? Swali hilo ni la haki, nasi tumekuja kulijibu.

Kichaka chenyewe mnakijua. Ni losesiai, ambao kwa Kiswahili huitwa msandali. Huota kwenye miteremko ya Kirisia, kwenye milima ya Mathews, na kwenye mawemawe ambako hakuna anayelima. Kwa kawaida haupiti sana kimo cha nyumba. Wazee wametumia mizizi na magome yake kwa dawa tangu zamani, wakichukua kidogo na kuuacha mti ukiwa hai.

Kilicholeta balaa ni mafuta yaliyomo ndani ya mti huo. Yana harufu nzuri, na viwanda vya manukato huko ng'ambo huyataka. Kwa karne nyingi mafuta ya aina hiyo yalitoka kwa msandali wa Bara Hindi. Miti ya huko ilipopungua kwa kuvunwa kupita kiasi, wafanyabiashara walielekeza macho Afrika Mashariki, na malori yakaanza kupanda kwetu usiku.

Sasa tusikilizane vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mti mwingine ukikatwa, mara nyingi kisiki hubaki na huenda kikachipua. Losesiai hauachiwi kisiki. Mafuta yako kwenye kiini cha shina na kwenye mizizi, kwa hiyo mwizi huja na sururu akachimba mpaka mzizi wa mwisho. Anachoacha ni shimo, na mvua ikinyesha shimo huanza kuwa korongo.

La pili ni kwamba losesiai una dume na jike. Dume hutoa maua tu, jike ndiye anayezaa matunda. Wanunuzi huamini kwamba jike ana mafuta mengi zaidi, kwa hiyo jike ndiye anayesakwa kwanza. Sisi ni wafugaji, hesabu hii haihitaji mwalimu. Mtu akiingia bomani mwako akachukua mitamba na ng'ombe wote, akakuachia mafahali, hata wakiwa hamsini, utasema una kundi? Vivyo hivyo, mtu anaweza kupita mlimani akaona vichaka vya losesiai bado vipo, akafurahi, kumbe ni madume matupu na hakuna mbegu itakayoanguka hapo.

La tatu, losesiai hauishi peke yake. Majani yake ya kijani hujitengenezea chakula, lakini chini ya ardhi mizizi yake hushika mizizi ya jirani na kunyonya maji na madini. Utafiti uliofanywa Tanzania ulionyesha kwamba majirani wanaoufaa zaidi ni pamoja na lmisigiyoi na mmiraa. Basi mtu akifyeka lmisigiyoi kwa ajili ya kuni au ua wa boma, ameudhuru losesiai bila kuugusa. Na ndiyo maana mche ukipandwa peke yake uwanjani hudhoofika, hata ukimwagiliwa kila siku.

Sheria zipo. Mwaka 2007 serikali ilipiga marufuku uvunaji wake kwa miaka 5. Mwaka 2013 nchi za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, ziliuweka msandali wao chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mwaka huohuo Sheria ya Wanyamapori iliuorodhesha kati ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Anayekamatwa nao leo hashtakiwi kama mwizi wa kuni. Adhabu yake ni nzito.

Lakini ni nani anayekamatwa? Mara nyingi ni kijana wetu. Yeye ndiye anayechimba, ndiye anayebeba mzigo mgongoni mpaka barabarani, ndiye anayelala kando ya gunia akingoja lori. Analipwa kidogo kwa kilo, na broka aliyempa kazi hata jina lake halijui. Kijana akienda jela, mama yake huuza mbuzi kutafuta wakili. Ndugu zetu, basari mnazochanga kila mwaka ni za vijana haohao. Hatuwezi kuwalipia karo upande mmoja na kuwaacha waingie jela upande wa pili.

Kwa hiyo tunawaomba mchangie mambo matatu.

Kwanza, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na losesiai wetu haujawahi kuandikwa. Tunataka wazee na watoto wachungaji, ambao wanajua kila kichaka kilipo, watembee pamoja na maafisa wa misitu kuhesabu miti iliyobaki, dume kando na jike kando. Daftari hilo litakaa kwa chama na halitasambazwa, maana mwizi naye anaweza kusoma.

Pili, kitalu cha akina mama. Mbegu za losesiai ni ngumu kuota, lakini zikiondolewa ganda huota vizuri zaidi. Kila mche utakuzwa pamoja na mche wa lmisigiyoi, kisha vyote viwili vihamishiwe mlimani pamoja. Tutafanya hivyo kwa ushauri wa watafiti wa misitu na kwa idhini ya KWS na KFS, ili mtu asije akasema sisi nasi ni wafanyabiashara.

Tatu, posho ya maskauti na mizinga ya nyuki. Vijana waliowahi kuchimba ndio wanaozijua njia za usiku. Tunataka wao wawe wa kwanza kuajiriwa. Tukiwaambia waache bila kuwapa kazi, tutakuwa tumehubiri tu.

Pesa za basari zina akaunti yake na hazitaguswa. Mweka hazina atasoma hesabu za mradi huu kando, mbele yenu wote, mkutano ujao.

Na kwa asiye na shilingi leo, kuna mchango mwingine. Usiliuzie lori lolote chakula wala maji usiku bila kumjulisha chifu. Usikate lmisigiyoi iliyo kando ya losesiai. Na ukimwona mwanao amerudi na pesa na vumbi jekundu kwenye viatu, muulize amelala wapi.

Losesiai hukua polepole. Mche tutakaoupanda mwaka huu huenda wengi wetu humu tusiuone ukizaa. Waliotuachia hii iliyobaki nao hawakutujua, lakini walituachia.