Kijiko Kimoja, Viwili, Vitatu, Vinne

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mwamapalala)



Tulipokuwa hapa shuleni, Simiyu ilikuwa haijawa mkoa; barua zetu ziliandikwa Shinyanga, na tulitembea kati ya mashamba ya pamba mpaka miguu ikawa ya rangi moja na vumbi. Leo tumerudi, wengine kwa magari na wengine kwa mabasi, na vipara vyetu vinang'aa. Ni jambo la kumshukuru Mungu.

Katibu aliniandikia nizungumze juu ya namna ya kutengeneza nyumbani vinywaji vya kuchanganya vinavyotumia ramu nyeusi, vile wanavyoviita kokteli. Sababu ni kwamba wenzangu wananijua kwa kazi hiyo katika sherehe zetu. Mwalimu Mkuu alipopata habari akaniuliza kwa upole, "Mbele ya wanafunzi, ndugu?" Nilimjibu kwamba anisikilize hadi mwisho ndipo ahukumu. Kwa hiyo basi, naanza.

Ramu hutokana na miwa. Kiwanda kikishakamua miwa na kupata sukari, hubaki uji mweusi, mzito na mtamu, uitwao molasesi. Huo huvundikwa uchachuke, kisha hukenekwa. Maji yanayotoka huwa meupe kabisa. Weusi wa ramu nyeusi hutoka katika mapipa ya mti wa mwaloni ambamo hukaa miaka kadhaa, na aghalabu kiwanda huongeza sukari iliyounguzwa ili kukoza rangi. Nguvu yake kwa kawaida ni asilimia 40. Kumbukeni namba hiyo, maana tutairudia.

Vijana wa somo la Historia, ramu ni ndugu wa utumwa. Ilianza kushamiri katika karne ya 17 huko Barbados na visiwa jirani, katika mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliopelekwa kwa minyororo. Wala tusidhani mambo hayo yalikuwa ya mbali tu. Katika karne ya 19 bonde la Pangani, hapa hapa kwetu, lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Na yule Abushiri bin Salim mnayemsoma katika vita dhidi ya Wajerumani vya mwaka 1888 alikuwa na shamba la miwa huko. Basi kila kijiko cha sukari kina historia yake.

Sasa, kuchanganya kulianzaje kwa mabaharia? Mabaharia wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza walikuwa wakigawiwa ramu kila siku, nao waliinywa kavu. Wakaanguka kutoka kwenye milingoti na kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1740 Amiri wao, Edward Vernon, akatoa amri kwamba kila nusu painti ya ramu itiwe kwati moja ya maji, yaani sehemu 1 kwa 4, tena igawiwe mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Waliotaka waliweza kujinunulia sukari na ndimu ili kuitia ladha. Kinywaji hicho kiliitwa grogi, kwa jina la utani la Amiri mwenyewe. Mgao wa ramu wenyewe ulidumu katika jeshi hilo mpaka tarehe 31 Julai 1970.

Ndugu zangu, naomba mlishike jambo hilo. Maji yalitiwa katika ramu ya mabaharia hao ili mtu abaki na akili zake. Mimi nililijua hilo kwa kuchelewa, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mtu mwingine.

Mwaka 2011 nilirudi kutoka mafunzoni nje ya nchi na chupa mbili za ramu nyeusi. Nilikuwa mtumishi wa serikali mwenye cheo kipya na sebule mpya. Niliwaalika wenzangu wachache, mmoja wao mtu tuliyekaa dawati moja katika shule hii. Nilitaka waone kwamba nimetembea. Nilikamua machungwa na ndimu, nikatia sukari ya kutosha, na ramu nikaimimina kwa kukisia, mkono ukiwa mwepesi kama wa mtu anayetaka sifa. Ilikuwa tamu mno. Rafiki yangu alikunywa bilauri tatu kati ya saa mbili na nusu na saa nne usiku. Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikicheka. Akapanda pikipiki yake. Hakufika mbali.

Yuko humu ukumbini. Ni yule aliyeingia na fimbo. Goti lake halikukunjika tena tangu usiku ule. Nilipomwomba ruhusa ya kulisema jambo hili aliniambia, "Sema, ila usiseme nililewa kwa tamaa. Sema sikujua nilichokuwa nakunywa." Naye amesema kweli. Mnywa bia huhesabu chupa. Mnywa ramu iliyofichwa ndani ya machungwa hana cha kuhesabu. Aliyepaswa kuhesabu ni mimi niliyemimina.

Siku ya tatu, nilipotoka hospitali kumwangalia, nilichukua bilauri ile ile nikamimina maji kama nilivyomimina ramu, kisha nikayapima kwa kikombe cha dawa ya watoto chenye alama. Yalikuwa mililita 100. Vijana, fanyeni hesabu pamoja nami. Asilimia 40 ya mililita 100 ni mililita 40 za pombe halisi. Bilauri tatu ni mililita 120. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25. Basi rafiki yangu alikunywa karibu bia tano kwa saa moja na nusu, akidhani anakunywa maji ya machungwa. Ini la mtu huondoa takriban mililita 10 za pombe halisi kwa saa. Kwa hesabu hiyo, hata saa mbili asubuhi ya kesho yake pombe ilikuwa bado haijamwisha mwilini. Kahawa isingemsaidia, wala kuoga maji baridi.

Tangu siku hiyo sijamimina tena kwa kukisia. Chombo changu ni kijiko cha chakula, ambacho hubeba mililita 15, na kila nyumba ya Bariadi na Itilima inacho.

Kinywaji cha kwanza ninachofundisha ni kile cha zamani cha wenye mashamba wa Jamaika, kiitwacho ponchi. Kanuni yake ni namba nne: chachu moja, tamu mbili, kali tatu, laini nne. Chukua kijiko 1 cha maji ya ndimu iliyokamuliwa sasa hivi. Ongeza vijiko 2 vya shira. Shira ni kikombe cha sukari na kikombe cha maji, vikichemshwa mpaka sukari iyeyuke, kisha ikapoa. Sukari guru hufaa zaidi, kwa kuwa ina ladha ile ile ya molasesi. Kisha vijiko 3 vya ramu, na vijiko 4 vya maji baridi. Tia katika chupa yenye mdomo mpana pamoja na barafu, funga, tikisa mpaka mkono uhisi ubaridi, umimine. Kuna kungumanga kidogo juu yake. Hapo mgeni amepata mililita 18 za pombe halisi, pungufu ya bia moja, nawe unaweza kumwambia hivyo bila kubabaika.

Cha pili ni chepesi zaidi, na asili yake ni Bermuda: vijiko 3 vya ramu katika bilauri yenye barafu, jaza soda ya tangawizi, kamulia ndimu. Cha tatu kiitwacho Mai Tai kilitungwa na Victor Bergeron huko Oakland, Marekani, mwaka 1944. Hicho chahitaji shira ya lozi na kileo cha maganda ya machungwa. Nimevitafuta Bariadi sikuviona, kwa hiyo tukiache kwa wenyewe.

Hapana budi niseme neno juu ya gongo. Mtu asije akadhani kwamba, kwa kuwa ramu ni ghali, basi atachanganya gongo kwa kanuni hii hii. Katika gongo hujui asilimia, na usichokijua hukipimi. Tena huenda ikawa na methanoli, sumu inayoua macho kwanza na mwenyewe baadaye, nayo haiondolewi kwa ndimu wala sukari. Mwezi Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Hapa kwetu viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, maana kiliweza kuingia hata katika mfuko wa sare ya shule.

Sasa nageukia ninyi vijana. Aliye chini ya miaka 18 hana kijiko hata kimoja cha ramu katika hesabu hii. Lakini kanuni ni yenu pia. Mahali pa ramu wekeni vijiko 3 vya chai ya rangi kali iliyopoa. Ukakasi wa majani ya chai ni jamaa wa ukakasi ambao ramu huupata katika pipa. Mahali pa ndimu mnaweza kuweka maji ya ukwaju, ambao hapa Mwamapalala hamwendi kuununua mbali. Ndicho kinywaji mlichopewa mlangoni leo, wakubwa kwa wadogo, nami nimeona wazee wawili wakirudi kuomba tena. Mwalimu Mkuu naye nimemwona.

Wazee wetu walipokaa kuzunguka chungu cha pombe ya mtama, mwenyeji alionja kwanza mbele ya wageni, akionyesha kwamba anakijua anachowapa. Siku moja ninyi nanyi mtakuwa wenyeji, mkiwa na sebule zenu na chupa zenu. Nawaomba mambo matatu tu: pimeni kwa kijiko, mwambieni mgeni kilichomo, na ufunguo wa pikipiki uwekeni mezani kabla ya bilauri ya kwanza.

Rafiki yangu mwenye fimbo atalala kwangu leo, kama alivyofanya kila mara tulipokunywa pamoja tangu mwaka ule. Yeye huchukua kijiko, mimi huchukua ndimu, naye huhesabu kwa sauti.